Mkono Uliowasha Tanuri

Katika kiwanda kimoja cha mafuta ya nazi, Msambweni, tanuri lina sharti moja: mkono uliowasha moto ndio utakaouzima. Aliyeliweka sharti hilo ni Biasha, mkaushaji mkuu wa hapo, miaka tisa iliyopita, baada ya watu wawili wa zamu kuachiana moto na nazi za juma zima zikageuka makaa. Tangu hapo awashaye hubaki na tanuri usiku na mchana mpaka nazi zikauke ziwe mbata. Na kwa kuwa Biasha hakumwamini mtu, awashaye alikuwa yeye siku zote.

"Mke wangu ana waume wawili," Chande, mumewe, huwaambia majirani. "Mwenzangu ana mlango wa chuma, na hata chai haombi."

Mwaka jana akaongezeka wa tatu: chuo cha ufundi, Ukunda. Biasha aliacha masomo akiwa na miaka ishirini, mimba ya bintiye Twaiba ikiwa ya miezi saba, na kiwanda kikampokea na mtoto mgongoni. Sasa ana miaka arubaini na mmoja, na jioni tatu kwa wiki, tanuri likiwa limezimwa, anasomea usindikaji wa vyakula pamoja na vijana wanaomwamkia shikamoo kwanza, ndipo waombe kunakili majibu yake. Twaiba ndiye anayemsahihishia hesabu, bila huruma. Mwero, meneja wa kiwanda, alipomuuliza anatafuta nini huko, alijibu, "Miaka yote hii nimekausha nazi kwa pua. Nataka kujua pua yangu inajua nini."

Jumatano moja asubuhi trei zilikuwa zimepangwa na vifuu vimejazwa kwenye kinywa cha tanuri. Biasha aliinama na kiberiti, simu ikalia. Akamkabidhi kiberiti Kahaso, msaidizi wake.

"Washa, mdogo wangu."

Kahaso akawasha. Simu ilikuwa ya chuoni: mtihani wa vitendo uliopangiwa juma lijalo ungefanywa kesho yake, saa tatu asubuhi. Asiyefika angerudia mwaka mzima.

Biasha aliutazama moto. Nazi zile zisingetoka kabla ya kesho alasiri.

"Basi, nitarudia mwaka," alisema, akaeleza.

"Nenda, dada. Mimi nitakaa."

"Sharti ni sharti. Nikilivunja mimi, nani atalishika?"

Mwero alikuwa amefika, akasikia. "Ruhusa nimetoa. Lakini sharti ni lako, si langu. Mpwa wangu mwenyewe ulimwondoa hapa kwa sharti hilohilo, alipouzima moto uliouwasha wewe."

Wanawake waliokuwa wakimenya nazi wakaweka visu chini. Jambo hili halikufaa kusikilizwa nusu.

"Nami niulize," akasema Kahaso. "Kiberiti kilikuwa mkononi mwa nani?"

Mmoja wa wale wanawake akaangua kicheko, wakamfuata wote.

"Aliyekutuma ni mimi!" Biasha aling'ang'ania.

"Sharti lasema mkono, dada. Aliyetuma halimtaji."

"Basi tanuri ni la Kahaso," Mwero akakata shauri. "Na wewe Biasha unamzuilia mtu kazi yake."

Mpaka jioni Biasha aliagiza: usichanganye makumbi na vifuu, moshi utazitia nazi rangi, usifungue mlango ovyo, geuza trei za chini. Kahaso akachoka.

"Dada, mimi nimezaliwa Samburu, tumelelewa kwa kuchoma makaa. Kwetu ukiusinzilia moto, mnalala njaa. Nenda kasome!"

Nyumbani Chande alimfungulia mlango akimshangaa. "Mwenzangu amekupa talaka?"

Asubuhi yake chuoni alipewa vipande vya maembe avikaushe kwenye jiko la umeme. Alinusa, akainuka, akanusa tena.

"Mama, una mafua?" aliuliza mtahini.

"La, mwalimu. Napima."

Pua ilisema tayari. Mizani ikasema bado. Biasha alisita, akavirudisha jikoni kwa robo saa nyingine, na mizani ikakubali. Akatoka na karatasi yenye sahihi: amefaulu.

Alifika kiwandani alasiri, mtandio umemteleza mabegani. Moto ulikuwa umezimwa. Kahaso, macho mekundu, alikaa mbele ya trei za mbata nyeupe.

"Trei moja ya chini imeungua pembeni," alisema kabla ya kuulizwa. "Nimeitenga."

Desturi ni kuwa mwenye tanuri huvunja mbata ya kwanza mbele ya wenzake, wasikie kama imekauka. Mkono wa Biasha ulikwisha kuokota kipande. Akakitazama, akamkabidhi Kahaso.

"Vunja wewe. Leo mimi mgeni."

Ka! Vigelegele vikapaa hadi kwenye mabati.

"Na mtihani?" Mwero akauliza.

"Nimefaulu. Pua ilikosea kwa robo saa, bosi. Nimeisamehe."

Kahaso alimtupia ufagio. "Haya mgeni, majivu yale hayajizoi."

Biasha akafunga kanga kiunoni, akaanza kufagia.