Masika Baba Alipokuwa Akililaza Gari

Sisi tuliokulia Mabwerebwere tunayajua masika ya enzi zile, jamani! Barabara ya Mikumi ikishageuka tope, baba hakushindana nayo. Alililaza gari lake, pikapu ya bluu, mpaka kiangazi. Kwetu watoto ilikuwa sikukuu. Wenzetu wanacheza rede, sisi tumejazana uani, mikono myeusi kwa oili, mpaka mama anatufukuza jikoni tusimnukishie ugali.

Kwanza gari lilioshwa hadi uvunguni, likaachwa likauke. Jeki ikalinyanyua, magogo yakaingia chini, matairi yakaning'inia. Betri ikalala chumbani kwa baba kama mgeni. Ekzosi tuliiziba kwa matambara panya wasizalie humo, na mimi nikamwaga majivu kuzunguka magogo. Nikiruka mahali, baba ananikemea, "Mchwa hapigi hodi, mwanangu!" Vijana wa leo gari likigoma wanaiuliza simu. Haya, simu ishawahi kumwaga majivu?

Kazi ikiisha tulipiga makofi, tukala mihogo ya kuchemsha huku vidole vinanuka petroli. Utamu wake sijaupata tena.

Mwaka huu baba alipigwa kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikalala. Daktari alituambia hataendesha tena. Mama na mimi tukakubaliana tumfiche, maana gari lile ndilo roho yake. Mawingu yalipoanza kujikusanya akaniita, ulimi mzito: "Lilaze gari."

Mimi na mama tukamtoa nje uani, tukamkalisha kwenye kiti. Nikaosha, nikapandisha jeki, nikamwaga majivu, yeye ananisimamia kwa macho. Nikajikaza kuchangamka.

"Kiangazi utatupeleka Mikumi, baba."

Ikabaki kazi ya kunyonya petroli. Miaka yote alikuwa akibakisha kidogo kwenye tangi, ya kuwashia siku ya kulishusha. Nikatia mpira tangini, nikamuuliza nibakishe kiasi gani.

"Nyonya yote," akasema. "Mpe jirani, atie kwenye pikipiki yake."

Mama akageukia ukutani. Kumbe tulikuwa tunamficha mtu anayejua! Nikanyonya mpaka mpira ukatoa hewa tupu, uchungu wa petroli mdomoni, na baba hakuondoa macho yake kwangu.

Zamani tukimaliza tulipiga makofi. Safari hii nilinawa mikono, nikaingia ndani, nikalia.