Kanuni ya Kilio

Katika toleo la kwanza la mchezo wetu, mtu akifa tulimlilia. Ni mchezo wa mezani: kila mchezaji anajitungia mtu, anamwandika kwenye karatasi, kisha dadu inaamua yatakayompata. Watu wetu karibu wote ni wachimbaji wa shaba. Tunaishi Kolwezi, tungetunga nini kingine? Mmoja akifa shimoni, kanuni ilitaka wote waache dadu, wakae kilio, na kila mtu amtaje marehemu kwa jambo moja jema.

Mwaka huu mi na shemeji yangu tulianza kutengeneza toleo jipya. Tuliwaita majirani wa mtaa wa Dilala waje kulijaribu. Mashimo yalibomoka, yakabomoka tena, na jioni nzima ikawa kilio tu. Watu walipiga miayo, wakaomba kwenda zao.

Nikasema tupunguze vifo. Shemeji, ambaye mwenyewe ni mchimbaji, alinikasirikia.

“Utapunguza namna gani, shemeji? Batu batasema hauishi hapa. Toa kilio, muchezo itatembea.”

Nilibisha sana. Nilimwita mtu asiye na moyo. Mwishowe nilichukua kalamu, na kanuni ya kilio tukaifuta.

Tulipojaribu tena, mchezo ulikwenda mbio. Watu walicheka, wakausifu. Mama mmoja alirusha dadu kuona kama shimo la mtu wake litasimama. Dadu ikiwa bado inazunguka, alikuwa ameshavuta karatasi mpya na kuanza kuandika jina la mwingine.