Mama Sponji na Ukurasa wa Mwisho

Mama Sponji alikuwa na ugonjwa wa kusoma. Si kusoma kwa ajili ya mitihani, la; kusoma tu, kama wengine wanavyotafuna karanga. Gazeti lililofungiwa misumari alilikunjua akalisoma kwanza, misumari ikasubiri. Maelezo ya dawa ya mende alishayakariri. Lakini kwenye hadithi za mapenzi ndiko alikopotea kabisa. Ukimkuta amefika pale wapenzi wanapogombana, hata ukimwambia karakana inaungua atakujibu, "Naja, ngoja wapatane kwanza."

Kazi yake ilikuwa kuvisha makochi: kung'oa kitambaa kilichochakaa, kutoa sponji iliyolala, kuweka mpya, kisha kuvuta kitambaa na kukipigilia kwa stepla. Na kochi kuukuu usilichukulie mzaha, lina tumbo. Ndani yake alishakuta vitana, vijiko, na meno ya bandia ambayo mwenyewe hakuthubutu kuja kuyadai. Zamani, angali anajifunza kazi, alikuta kitabu cha mapenzi kisicho na jalada. Akakisoma amesimama, akakisoma amekaa, mpaka bwana wa watu akasimama kwenye mvua akabisha hodi kwa mpenzi wake, na basi! Ukurasa wa mwisho haupo. Alilipasua lile kochi mpaka zikabaki mbao tupu. Wapi! Siku kadhaa chakula hakikupita. Mwisho akasema isiwe tabu, akachukua kalamu akamfungulia yule bwana mlango yeye mwenyewe. Tangu siku hiyo hakuacha kuandika.

Shida ilikuwa msomaji. Mumewe, fundi baiskeli, mtu mwema kupita kiasi, akisomewa alikuwa amelala kabla ya aya ya pili, na akiamshwa husema, "Nzuri sana, mke wangu. Imenigusa." Imemgusa wapi, kwenye mto? Dada yake mkubwa naye hakutaka hata kuiona hadithi yake mpya. "Mapenzi ya fundi makochi! Utamsomea nani, sofa?" Kila mwamba ngozi huvutia kwake: mume anasifu kwa kuwa ni mume, dada anaponda kwa kuwa ni dada. Mama Sponji iliyomchoma zaidi ni ile ya sofa. Akaapa moyoni: hadithi hii mpya itasomwa na mtu asiyenijua. Akiimaliza, nitaandika mpaka nizeeke. Akiitupa, na mimi natupa kalamu.

Haukupita muda, zahanati ikamwita avishe upya mabenchi ya chumba cha kusubiria. Akaona hapa ndipo. Asubuhi, kabla watu hawajajaa, akaiweka hadithi juu ya meza, katikati ya vipeperushi vya kunawa mikono. Ukurasa wa mwisho aliuchomoa akauficha mfukoni mwa aproni, maana chini yake alikuwa ameandika jina lake kwa mbwembwe zote, na sasa aliona haya. Kisha akaingia chini ya benchi la ukutani, stepla mkononi, akajifanya ana kazi nyingi.

Wa kwanza kuichukua alikuwa mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliichukua ajipepee. Akajipepea, macho yakaangukia mstari wa kwanza, mkono ukasimama. Hakujipepea tena.

"Soma kwa sauti basi, baba," akasema mama mmoja aliyefungwa bandeji mguuni. "Sisi wengine tuko hapa tunahesabu nzi."

Mzee akasafisha koo. "'Fundi alipofika jikoni, mpishi alikuwa amempa mgongo, anakatakata nyanya. Fundi akasahau kilichomleta.'"

"Wanaume bwana!" mama wa bandeji akacheka. "Kaona mgongo tu, kasahau hata nyundo!"

Chini ya benchi Mama Sponji akashtuka. Wanaume? Fundi wake alikuwa mwanamke! Mpishi ndiye mwanaume, mpole, mwenye haya. Alilijua hilo vizuri mno hata akasahau kuliandika. Na lugha yetu hii, ndugu zangu, haikusaidii: alimtazama, akamtazama, nani mke nani mume, utajua mwenyewe. Akataka kupiga kelele, akagonga kichwa kwenye mbao, akabaki anasugua nundu yake.

Mzee akaendelea. Fundi akabeba kabati peke yake, chumba kizima kikamsifu kwa nguvu zake. Mpishi akajifungia stoo akalia, wote wakamhurumia binti wa watu. Muuguzi akachungulia mlangoni.

"Anayefuata!"

Hakuna aliyeinuka.

"Jamani, anayefuata ni nani?"

"Ni mimi," mzee akasema bila kuinua macho, "lakini chukua mwingine." Mwingine naye akasema achukuliwe mwingine.

"'Mpishi akajipangusa uso,'" mzee akasoma, "'unga ukabaki umeganda kwenye ndevu zake.'"

Mama Sponji akafumba macho. Haya, sasa wanaitupa.

"Ndevu?" akauliza mama wa bandeji.

Mzee akaisogeza karatasi mpaka puani. "Imeandikwa ndevu."

"Yaani fundi ndiye mwanamke!" Mama wa bandeji akajipiga paja, bahati nzuri lile zima. "Mwanamke ndiye aliyebeba kabati! Na aliyekuwa analia stoo ni baba mzima! Rudi mwanzo, baba. Rudi mwanzo kabisa, tulikuwa tumelala!"

Mzee akarudi mwanzo. Safari hii walicheka mpaka mwenye kikohozi akasahau kukohoa, na yule mpishi wakampenda mara mbili. Mama Sponji machozi yalimtiririka, furaha tupu, akauma kipande cha kitambaa asisikike. Wageni! Watu wasiomjua kabisa!

"'Gari la kumpeleka fundi kwenye kazi ya mbali likapiga honi,'" mzee akasoma polepole. "'Akafika mlangoni na kisanduku chake cha vifaa. Mpishi akaweka mwiko chini, akamkimbilia, akamwambia...'" Akageuza karatasi. Nyuma nyeupe.

"Akamwambia nini?"

"Haipo."

"Haipo vipi? Tazama chini ya meza!" Mwenye homa akapiga magoti kutafuta. Vipeperushi vikaruka huku na huku. "Aliyeandika hii hana utu hata kidogo!" mama wa bandeji akalalamika.

Mama Sponji akalikumbuka lile kochi alilolipasua. Uchungu huo aliujua. Dawa yake anayo mfukoni, na jina lake liko papo hapo chini. Aibu ikamwambia kaa huko huko. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akatoka kinyumenyume, visigino kwanza, nywele zimejaa vumbi la sponji.

"Ninao mimi," akasema.

"Umeutoa wapi, fundi?" mzee akamuuliza.

Akampa mzee ule ukurasa. Mzee akausoma kimya mpaka chini, akafika kwenye jina, akamtazama yule mwanamke mwenye nyundo kiunoni. Akamrudishia kwa mikono miwili.

"Huu siwezi kukusomea mimi," akasema. "Soma mwenyewe, mwanangu."

"Ala!" mama wa bandeji akapaza sauti. "Kumbe fundi ndiye fundi!"

Mama Sponji akasoma. "'Akamwambia: Viti vyote vya nyumba hii umevitengeneza wewe, na hujakalia hata kimoja. Kaa. Fundi akakaa.'"

Mama wa bandeji akalia huku anacheka. Watu wakapiga makofi, na mlango wa ndani ukafunguka, akatoka daktari mwenyewe.

"Kulikoni? Mbona haingii mtu, mmepona wote?"

"Panga foleni, daktari," mzee akamwambia, huku anajisogeza kwenye benchi kuacha nafasi. "Mwandishi anatusomea tena toka mwanzo. Kaa, mwanangu."

Na Mama Sponji, wallahi, akakaa.