Kiti cha Bwana Harusi

Mimi Lambert, fundi wa suti hapa Rosettenville, Johannesburg, niliacha shule darasa la sita kwa sababu mwalimu aliishiwa na vya kunifundisha. Kwa hiyo nisikilizeni, wapwa zangu mnaojivunia video za simu. Huyu Théodore, mlinzi wa geti ambaye mnalicheka koti lake, alikuwa anapiga filamu mtaani kwetu Uvira, kule Kongo, nyinyi hamjazaliwa. Kamera alipewa na padri. Miguu ya kuisimamishia aliiunda kwa vyuma vya baiskeli.

Siku aliyomwoa Hélène, hakumwamini mtu na ile kamera. Akarekodi harusi yake mwenyewe! Kiti cha bwana harusi kikabaki kitupu. Mimi, mtu wa akili, nikaweka kofia yangu pale ili wageni wasicheke. Walicheka zaidi.

Vita vilipokuja, jeshi likamchukua amrekodi komanda. Kanda zikaisha. Komanda akataka gwaride lake lirekodiwe kwenye kanda ya harusi, liifute, na Théodore akatii, maana bunduki haibishaniwi. Gwaride likiwa katikati mvua ikamwagika, komanda akakimbilia gari, kamera ikazimwa. Théodore akiwa bado jeshini, kipindupindu kikamchukua Hélène. Hakubakiwa na picha yake hata moja. Akazunguka na kanda ile mpaka huku Johannesburg, akijiuliza kitu kimoja: ile mvua iliiwahi harusi kabla haijafutwa yote, au ilichelewa?

Mashine ya kuchezesha kanda za namna ile haikupatikana. Mwaka 2017 akaanza kuunda yake chumbani, kwa kamera mbovu za kuokoteza na mota ya cherehani yangu. Hakuna aliyemtembelea ila mimi.

"Théo, hiyo kazi itaisha lini? Oa mwingine, eish!"

"Mkubwa, nyamaza. Mota yako tu inatosha kwa kelele."

Jumapili moja baada ya ibada, akanikalisha mbele ya televisheni. Mabuti yakapita, yakapita. Mvua. Kioo kikawa cheusi, kikajaa chenga, na Théodore akashika ukuta.

Halafu Hélène huyo, na shela lake. Pembeni yake kiti, na juu ya kiti, kofia yangu. Nikapiga kelele, "Mnaona kofia hiyo!" kana kwamba chumba kimejaa watu.

Hélène akatazama kamera. "Théo, weka hiyo kitu chini. Kuja ukae."

Kanda ikaisha.

Théodore akairudisha nyuma. Hélène akasema tena, kuja ukae. Théodore akairudisha mara nyingine, safari hii akabeba kigoda chake, akakiweka ubavuni mwa televisheni, akakaa kunitazama mimi, koti limefungwa vifungo vyote.

"Mkubwa," akauliza, "tunaonekana wote?"

Nikarudi nyuma kidogo, kama alivyokuwa akifanya yeye zamani na kamera, mpaka wakaenea wote wawili, yeye na Hélène.