Kompyuta za Jengo la Chini

Mwaka niliorudi nyumbani Isongole kumalizia riwaya yangu, nilijikuta najifunza jinsi kompyuta isiyo na diski inavyoamka. Sikupanga. Kila asubuhi nilipanda bodaboda kwenda Tukuyu, kwenye chuo kidogo cha ufundi nilikoshika maktaba kwa mkataba wa muda, na chumba cha pili kutoka maktaba kilikuwa cha mwalimu wa kompyuta. Alikuwa mwanamke wa Tanga, aliyepangiwa kazi huku miaka mitatu nyuma, na bado alivaa makoti mawili hadi saa sita mchana.

Jumatatu moja alisimama mlangoni kwangu na rundo la kebo begani kama mtu aliyetoka kukata kamba za kufungia ng'ombe.

"Mdogo wangu, wewe unayeandika vitabu, unaogopa nyaya?"

"Siziogopi, dada. Sizijui tu."

"Afadhali. Wanaozijua nusu ndio wananichosha."

Akanieleza shida yake tukiteremka kwenye utelezi. Katika jengo la chini, ng'ambo ya migomba, kulikuwa na chumba alichokiomba kwa miaka miwili. Hatimaye amekipata, akapanga ndani yake kompyuta kumi na mbili za zamani zilizokufa diski. Mkuu wa chuo alimpa mpaka Ijumaa saa kumi. Zisipowaka, chumba kinakuwa stoo ya magodoro ya bweni, naye atarudi kufundisha kompyuta ubaoni, wanafunzi wakichora kibodi kwenye madaftari.

"Nafundisha watu kuogelea juu ya mkeka," alisema. Hakucheka.

Dawa yake ilikuwa seva moja, iliyokaa jengo la juu kwenye chumba cha ofisi chenye kufuli. Kompyuta isiyo na diski, alisema, inaweza kuomba mtandaoni kila kitu inachokosa: kwanza anwani ya kuitwa, kisha mfumo mzima wa kufanyia kazi. Alinionyesha kwa kompyuta moja ya huko juu. Nilitazama herufi nyeupe zikitokea kwenye kioo cheusi, zikasita, kisha zikamiminika. Dakika mbili baadaye chombo kisicho na kumbukumbu yoyote kilikuwa kinanikaribisha kwa Kiswahili. Nilimwomba arudie. Nilitaka kujua makaribisho hayo yalikuwa wapi kabla ya hapo.

Za jengo la chini hazikuamka. Ziliandika nukta, nukta, nukta, kisha zikakata tamaa. Kati ya majengo mawili kulikuwa na ruta, kifaa cha kuelekeza mawasiliano, na ruta ilitenganisha mtandao wa juu na wa chini kwa amri ya mkuu mwenyewe, ili mwanafunzi asije akachungulia mafaili ya ofisi. Kuunganisha kusingewezekana.

"Ikiamka haina anwani, haimjui mtu," dada alisema. "Inapiga kelele tu: hodi, kuna mwenyeji? Na ruta haipitishi kelele. Inapitisha kitu kilichoandikwa kinakokwenda."

"Basi inataka mtu wa kati."

"Umejuaje?"

Nilijua kwa sababu nyumbani mtu wa kati ni mimi. Kaka yangu anafanya kazi Kiwira, hurudi mwisho wa juma, na mke wake anaishi nasi. Mke huyo hakutani uso kwa uso na baba yangu wala hamsemeshi. Ndivyo Wanyakyusa walivyomheshimu baba mkwe, na baba ni wa zamani, na mke wa kaka ameamua kumheshimu kwa njia anayoitaka mzee. Tangu mama afariki, maneno yao yote hupitia kwangu.

"Nyumba moja?" dada aliuliza. "Na chumvi ikizidi?"

"Baba ananiambia, namwambia."

"Na wanasikiana?"

"Ukuta wa mbao. Wanasikiana vizuri sana."

Alicheka mpaka akavua koti moja. "Nyie watu! Haya, ruta yangu nayo inaweza kazi hiyo." Akaandika mstari mmoja wa maagizo: ukisikia kelele huku chini, ichukue, mpelekee seva.

Alhamisi tukajaribu. Mimi chini, yeye juu, simu masikioni.

"Washa!"

"Nimewasha."

"Naiona! Imefika, imebisha hodi kabisa! Seva imejibu! Huko vipi?"

"Nukta."

"Nukta gani, mbona imejibu?"

"Dada, mimi nasoma kilichopo. Nukta."

Tulirudia mpaka nikachoka vidole. Ombi lilipanda, jibu halikushuka. Mchana mkuu wa chuo alipita na futi ya kupimia, akapima upana wa mlango bila kutuuliza chochote. Dada alimtazama mgongo akiondoka. "Anapima magodoro," alisema polepole, akaketi kwenye boksi.

Jioni, nikiwa jikoni namenya viazi, mke wa kaka aliniambia nikamuulize baba kama atakula sasa au baada ya sala. Nikaenda uani. Baba alinyanyua kichwa.

"Mwambie sasa. Na wewe, mwanangu, ukirudi pitia hapa kwenye ukuta, kule kuna matope."

Nilisimama kwenye mlango na kisu mkononi. Baba hakumjibu mke wa kaka. Alinijibu mimi, na alijua njia nitakayorudia. Nikampigia dada simu.

"Seva inamjibu nani? Kompyuta?"

"Hapana, inamjibu ruta. Anwani ya ruta ya upande wa chini, pale ilipolisikia ombi."

"Na seva inaijua njia ya upande wa chini?"

Nilisikia mvua ya Tukuyu kwenye bati lake.

"Mungu wangu," alisema. "Nimeifunga mwenyewe."

Mwaka uliotangulia, seva ile ilianza kujipakulia masasisho bila kuulizwa na ikamaliza bando la mwezi mzima la chuo kwa siku mbili. Mkuu alinguruma. Dada akafuta kwenye seva njia ya kutokea, isijue chochote nje ya jengo lake, akalala kwa amani, akasahau. Kwa muda wote huo seva ilikuwa inajibu kwa adabu zote, na jibu halikuwa na mahali pa kupita.

Ijumaa umeme ulikatika asubuhi, ukarudi saa nane na nusu. Sikudhani dada angekuwa mtulivu vile. Hakuirudishia seva njia yote. Bando lingeliwa tena. Aliiandikia njia moja tu, ya kwenda jengo la chini, akahakiki tarakimu mara tatu akizitamka kwa sauti kama mtu anayesoma dua.

Nilikimbia chini kupitia migombani. Niliwasha ya kwanza. Nukta moja. Mbili. Kisha anwani, ikianza na tarakimu zilezile alizozitamka, ikakaa kwenye kioo.

"Dada."

"Sema."

"Imepata."

Nilimsikia akishuka ngazi kwa viatu vyake vya mpira. Tulikuwa tumewasha ya nane mkuu alipofika. Nje, wanaume wawili walisimama na magodoro kichwani. Kompyuta nane zikivuta mfumo kwa kebo moja zilikwenda polepole, na vioo vilibaki vyeusi na mistari michache.

"Hizi ndizo zimewaka?" mkuu aliuliza.

"Zinaamka, mkuu. Tuvumilie kidogo."

"Saa kumi imefika, mwalimu."

"Naiona, mkuu. Tazama ile ya dirishani."

Ile ya dirishani ilifunguka kwanza, ikamkaribisha. Kisha ya pembeni yake. Mkuu aliinama, akachungulia nyuma ya kasha na kugusa mahali diski inapokaa, palipokuwa patupu. Aligeuka mlangoni, akawaambia wale wawili wapeleke magodoro bwaloni. Halafu akavuta kiti, akaketi mbele ya ile ya dirishani.

"Izime hii," alimwambia dada. "Iwashe tena, nione inavyoanza."