Sikio la Kushoto

Miaka ile ya ruksa, watu binafsi walipoanza kumiliki hata ndege, kampuni moja ndogo ilikuja Masasi na ndege zake mbili. Kubwa ilibeba wafanyabiashara wa korosho kwenda na kurudi Dar es Salaam. Ndogo, ya viti viwili, ilikuwa ya kufundishia. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nimerudi kwetu Makote, karibu na Newala, kumsaidia mama shambani baada ya baba kufariki. Nilikwenda kiwanjani kuomba kazi yoyote. Rubani mkuu, mwanajeshi mstaafu kutoka Tabora, aliniuliza maswali ya hesabu nikiwa nimesimama juani, kisha akasema nitafanya kazi za kiwanjani bila mshahara, naye atanifundisha kuruka. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Nilipanga chumba Mkomaindo, karibu na hospitali. Alfajiri nilikwenda kiwanjani kwa baiskeli, nikafukuza mbuzi waliolala kwenye njia ya kurukia, kisha nikakinga mafuta kidogo kutoka chini ya tangi kwenye chupa ya kioo, kuangalia kama yameingia maji. Mwalimu alipofika alikagua upya yote niliyokwisha kuyakagua, kimya. Angani pia hakuwa msemaji. Nikikosea, alishika usukani akaninyang'anya ndege, na ukimya ule uliniuma kuliko tusi.

Tabu yangu ilikuwa kutua. Kupaa niliweza, kugeuka niliweza, lakini ardhi ikikaribia mikono ilikauka. Ndege iligonga chini, ikadunda, ikagonga tena. Jioni nilipokuwa nikiosha vumbi kwenye magurudumu nilijiambia kwamba kesho namwambia naacha. Kesho ikifika, naamka, naenda kufukuza mbuzi.

Hata hivyo ilifika siku akaniruhusu kuruka peke yangu kuzunguka kiwanja, na masika yalipokwisha akasema safari yangu ya kwanza ya mbali itakuwa Newala. Nilimtumia mama salamu kwa dereva wa lori, aje kiwanja cha Newala anione nikishuka.

Siku hiyo milima ya mawe ya Masasi ilibaki nyuma, na mbele uwanda wa juu ukainuka kama ukuta. Niliviona vijia ambavyo wanawake wa kwetu hupitia kushuka bondeni kufuata maji. Mama alikuwa amevipanda maisha yake yote na ndoo kichwani. Kutoka kule juu vilikuwa mikwaruzo tu kwenye majani, na nilisikia aibu, sijui aibu ya nini.

Newala imekaa ukingoni, na siku ile upepo ulikuwa unapinda pale ukingoni na kuanguka. Nilipoikaribia njia ya kutulia, hewa iliivuta ndege chini kwa nguvu. Niliongeza moto, nikapaa, nikazunguka. Nikajaribu tena, ikawa vilevile. Pembeni ya kiwanja niliona kundi la watu, na kati yao kanga ya njano niliyoifahamu. Nilijaribu mara nyingine, kisha nikageuza ndege nikarudi Masasi.

Mwalimu aliizunguka ndege, akagusa mbawa. "Umeirudisha nzima," alisema. "Ndivyo inavyotakiwa." Lilikuwa neno lake la kwanza la kunisifu, nami sikuweza hata kulipokea.

Nilipopata lori nikaenda nyumbani. Nilimwamkia mama, akaitikia, akanipa maji ya kunywa, kisha akauliza, "Ulituona?"

"Niliwaona, mama."

Akasema alikuwa amenipikia kuku, akawagawia wale waliokuja kunitazama. Hakuuliza kwa nini sikushuka.

Sikupata nafasi ya kujaribu tena. Niliugua malaria kali, nikalazwa, nikatundikiwa dripu ya kwinini. Masikio yalivuma kama yanavyovuma ya kila anayetumia dawa hiyo. La kulia likanyamaza baada ya muda. La kushoto liliendelea kuvuma, na chini ya mvumo huo hapakuwa na kitu. Daktari alisema huenda ni homa yenyewe, huenda ni dawa iliyoniokoa, hakuweza kujua.

Siku niliyorudi angani, mwalimu aliniambia jambo, kelele za injini zikalimeza, nami nikaendelea kuruka vilevile. Akachukua usukani, tukashuka. Chini alisimama upande wangu wa kushoto akanong'ona, kisha akahamia kulia akanong'ona tena. Alinielewa kabla sijajieleza. Tulingoja wiki kadhaa kuona kama sikio litafunguka, kisha akanipeleka Dar es Salaam kupimwa, na huko waliandika kwamba sifai kwa urubani. Tuliporudi alinishika mkono akaushikilia kwa muda mrefu, halafu akaenda kumfundisha mwanafunzi mwingine, aliyekuwa amekwisha kukaa kwenye kiti changu.

Nilifika Makote mchana. Mama alikuwa anabangua korosho uani. Nilikaa kushoto kwake, sikio langu zima likiwa upande wake, nikatazama chini, nikamweleza yote. Nilitegemea alie. Nilitaka alie, ili nami nipate mtu wa kulia naye. Aliweka jiwe chini, akafuta mikono.

"Baba," alisema, "tangu uanze kazi ile sijalala usingizi mzuri. Kila ndege ikipita, moyo wangu unakwenda nayo. Mungu ameniona."

Alikuwa anatabasamu. Uso wake ulikuwa umelegea, kama wa mtu aliyetuliwa mzigo, na nilitambua kwamba furaha hiyo ya mama yangu na msiba wangu ni kitu kimoja. Sikuweza kumlaumu wala kumfariji. Nilimwambia ni kweli, Mungu amemwona.

Alinipikia ugali wa muhogo na kisamvu, akanikalia mbele hadi nikamaliza. Kesho yake tulikwenda pamoja kwenye mikorosho. Palizi ilikuwa imechelewa sana.