Sindano Niliyomficha Nesi

Ipo siku moja naikumbuka kuliko hata ile niliyovunjika mgongo, mwanangu. Nilikuwa kwenye kiti changu cha magurudumu mbele ya daktari, mke wangu Anastazia kasimama nyuma yangu kashika vishikio. Daktari akasoma karatasi ya maabara, akasema, "Mbegu hakuna. Hata moja." Anastazia hakulia. Aliachia tu vishikio.

Nasema na wewe uliyeanguka na bodaboda juzi, unayelala wodini ukiangalia dari. Mimi shule niliishia la nne, maneno ya kitaalamu sina. Haya nayajua kwa sababu yamenila.

Nilivunjika nikiwa kijana, natoka kijiji cha Mbingu juu ya magunia ya mpunga kwenye tela la trekta. Tela likaingia shimoni, nikatua na mgongo. Kuanzia kitovuni kwenda chini sihisi kitu. Nikajifunza kazi ya kukaa, kushona midomo ya magunia kwenye mashine ya kukoboa pale Lumemo. Nikaoa hivyohivyo, nikiwa kwenye kiti. Waliosema Anastazia karogwa wapo hadi leo, nawajua, na nawasalimia.

Baada ya miaka kadhaa mwili ukaanza kunikimbia. Mabega yakaisha nyama, kusukuma kiti hadi barabarani ikawa safari. Mchana nasinzia na sindano ya gunia mkononi. Hamu ya mke ikaondoka, nikadhani uzee umewahi. Hakuna aliyeniambia kwamba mgongo ukivunjika, wengi wetu homoni ya kiume hushuka mwilini, na kwamba kuna kipimo cha damu cha kuijua. Hapo namtaja wa kwanza kati ya walioniponza: daktari wa kliniki yetu wa wakati ule, aliyekuwa akiandika bila kunitazama usoni. Aliuliza mkojo, aliuliza vidonda, basi. Kwake yeye mwanaume akishavunjika mgongo habari za mke zimekwisha. Nani alimwambia?

Wa pili ni Festo. Huyo alikuwa na duka la dawa, na mchana makuli wakiwa wanakula anakuja mashineni na vichupa kwenye mfuko wa rambo, anawachoma wapate nguvu ya kubeba. Nikawa naangalia vifua vyao vinavyojaa, na mimi mikono yangu imekuwa kama ya mgonjwa.

"Braza, hii ndiyo testosteroni yenyewe," akaniambia. "Uanaume mtupu, kwenye chupa."

"Mchome fundi huyo!" akapiga kelele kuli mmoja, mdomo umejaa wali. "Miaka yote sindano yake inaingia kwenye magunia tu!"

Wakacheka, na mimi nikacheka nao. Hilo linaniuma mpaka leo, kwamba nilicheka.

Nikamvuta Festo pembeni. Nikamwambia, "Sisi tunatafuta mtoto. Hospitali walinipima wakasema mbegu zipo, chache lakini hai, wakatufundisha namna ya kujaribu wenyewe nyumbani. Hii haitaharibu?"

"Iharibu nini, braza? Hii inaongeza. Jiandae kwa mapacha."

Sasa niambie wewe. Kama alijua, alinidanganya. Kama hakujua, alijifanya anajua mbele ya mtu aliyemuuliza kwa mdomo wake. Kwangu mimi ni yaleyale.

Sitakuficha, nguvu zilirudi. Mabega yakajaa, hamu ikarudi, nikawa naimba nikishona. Anastazia akawa anapepeta mchele huku anataja majina ya watoto, moja anakubali, jingine anakataa. Hakujua habari ya sindano. Nilimwacha aamini ni Mungu.

Na kila mwezi nilikuwa nakwenda kliniki kwa Nesi Leokadia, mama wa makamo ya mama yangu mzazi. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Choo?" Namweleza choo. "Mkojo?" Namweleza mkojo, rangi yake na harufu yake. "Mengine?" "Mengine salama, mama." Miezi minane nilimwambia salama.

Hadi siku ile ya karatasi. Daktari mpya akaniuliza, "Umekuwa ukichoma nini?" Nikataja. Nesi Leokadia akaweka kalamu chini.

"Kinyesi chako unanisimulia kila mwezi bila haya," akasema, "hili ndilo ukalionea aibu? Ungenitajia tu hilo jina, ningekuzuia siku hiyohiyo!"

Ndipo daktari akatueleza. Mwili ukiona homoni inaingia kutoka nje, korodani huacha kazi, na mbegu nazo husimama kutengenezwa. Akasema tena kwamba damu yangu imekuwa nzito, ingeweza kuganda kwenye mguu nisiousikia, nife bila kujua kinachoniua. Dawa yenyewe si sumu, alisema, wapo wenye mgongo kama wangu wanaopewa ikawasaidia. Lakini hupimwa kwanza, hufuatiliwa, na huulizwa kama wanataka mtoto.

Nikaacha sindano. Kwa wengine mbegu hurudi. Mimi nilipimwa, hakuna. Nikapimwa tena, zikaonekana tatu nne zilizokufa. Anastazia akakoma hedhi tukiwa bado tunasubiri majibu ya kipimo kingine. Hata karatasi ile sikwenda kuichukua.

Nilimfuata Festo dukani. Eti, "Braza, mbona wenzako wamezaa?" Bado anauza. Siku hizi wateja wake ni nyinyi, vijana wa viti vya magurudumu, kwa sababu anajua mnavyojisikia na kwamba hakuna anayewauliza. Na mimi bado namtaja jina kila penye watu. Akasirike.

Wa tatu ni mimi, niliyeona ni afadhali kuchekwa na makuli kuliko kusema ukweli kwa mama mmoja na kwa mke wangu.

Basi nisikilize, mwanangu. Ukiona nguvu zinakuisha na hamu imekukimbia, si uzee na si mwisho wako, ni jambo la kupimwa. Nenda asubuhi watoe damu, na daktari akikupuuza rudi tena, gonga meza. Usikubali sindano ya kwenye mfuko hata aliyeishika awe ndugu yako. Ukipewa dawa, sema kwanza, kwa sauti, "Nataka mtoto." Na mwenzako ajue kabla hujachomwa, maana mwili ni wako lakini mtoto ni wenu.

Mungu akuponye panapoponyeka, na pasipoponyeka akupe watu wa kukaa nawe hapo. Akupe mtoto wa kukuita baba. Siku hiyo ikifika umlete Lumemo, na kabla sijamshika mimi, umpe Anastazia ampakate.